Afande Chini ya Maji

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita alichukua ndoo ya plastiki iliyokuwa ikikauka kwenye baraza ya mama yangu kule Nakaloke, akaivaa kichwani ikamfika mabegani, akapiga saluti na kupaza sauti humo ndani: "Afande!" Sauti ilitoka nzito kama ya mtu mwingine. Mama, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga kuku, aliweka chini kikapu cha mahindi, akakaza mgongo na kuirudisha saluti. "Ripoti!" akasema. Watoto wote wa ukoo humwita Afande. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, na kila wakimwita hucheka hadi kushika mbavu. Katika ukoo mzima ni mimi peke yangu nisiyeweza kulitamka neno hilo, na hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Siku ile niliingia ndani nikajifanya natafuta chaja ya simu.

Nisimulie tu, maana nimefikia umri aliokuwa nao mama wakati ule, na nina mtoto ambaye naye, akikua kidogo, huenda akanionea haya mbele ya watu.

Mama alikuwa askari wa magereza pale Mbale, mashariki mwa Uganda. Yeye ni mtu wa kaskazini, Mwacholi. Baba ni Mgisu, askari pia, aliyehamishiwa mbali na huko akapata nyumba nyingine. Tukabaki wawili, mimi na yeye, katika chumba kimoja cha kota za askari. Kwa kuwa mimi sikujua Kiacholi na yeye Kigisu chake kilikuwa cha sokoni tu, tuliongea Kiswahili, kile cha kambini. Humo kambini hakuna aliyeona ajabu. Lakini nilisoma shule ya Nabuyonga, pamoja na watoto wa wenye maduka na wa maofisini, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Wakikisikia walinyamaza kidogo, kisha wakachekana. Nilijifunza mapema kukiacha Kiswahili changu getini, pamoja na mama.

Tulikuwa na sheria moja kubwa. Nilipokuwa mdogo kabisa nilimwona mama amesimama katika gwaride la asubuhi, nikakimbia katikati ya uwanja nikilia, "Mama! Mama!" Askari wakaangua kicheko, mkubwa wao akakasirika, na mama akapewa zamu mbili za adhabu. Jioni aliniketisha kitandani.

"Sikia, Nambozo. Nikiwa na gwanda, mimi si mama. Mimi afande. Nikitoa gwanda, mimi mama. Umeshika?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa hivi niko na gwanda?"

Nilimtazama. Alikuwa amejifunga lesu. "Hapana, mama."

"Ee. Sasa umeshika."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na watoto wote wa kambi waliishi nayo bila shida. Haikuwa sheria ya kuumiza mtu. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Kazi ya mama ilikuwa upande wa wanawake, na hasa siku za wageni. Wafungwa husimama upande huu wa waya, ndugu zao upande ule, kila mmoja akipiga kelele ili asikike, na askari husimama mbali kidogo akiangalia yasisemwe ya kutoroka wala ya kuingiza vitu. Mama alikaa pale miaka mingi. Ndiyo maana nyumbani sikuweza kumnung'unikia hata chinichini. Akiwa ng'ambo ya uwanja anaanika nguo angeniambia, "Rudia hilo ulilosema," na mimi ningeapa kwamba mwanamke huyu ana masikio ya sungura.

Nilipokuwa darasa la tano nilishika nafasi ya pili, na mama, ambaye sijawahi kumwona akichukua likizo, akachukua siku tano tukaenda Jinja. Tulifikia kwa rafiki yake waliyekuwa naye mafunzoni, Mama Apio, aliyekuwa akiishi kota za huko. Usiku wa kwanza, tukila samaki, Mama Apio akatuambia jambo ambalo lilinikosesha usingizi: katika hoteli fulani karibu na ziwa yuko mtu anayewavisha watu wasiojua kuogelea kofia kubwa yenye kioo, anawashusha chini ya maji, wanatembea huko kwa miguu yao, na wakirudi juu nywele hazijalowa.

"Nywele hata hailowi!" alisema akijigusa kichwa. "Mtu anaingia na nywele yake ya saluni, anatoka nayo."

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba mto Naili unaanzia Jinja. Kichwani mwangu niliona shimo, chini kabisa, maji yakibubujika kama yanavyotoka bombani, na mimi nimesimama kando yake nimevaa kofia. Nilimbembeleza mama siku mbili. Hakusema ndiyo wala hapana. Ni mtu aliyekulia mahali pa kuteka maji kwa mtungi. Mto Nabuyonga ukijaa kwa mvua hapo Mbale yeye huzungukia darajani hata kama ni mwendo wa nusu saa. Siku ya tatu aliamka, akapiga viatu vyake vyeusi vya kazini rangi hadi vikang'aa, akavaa gauni lake la buluu la kanisani, na kusema, "Twende tuone hiyo kofia yako."

Hoteli ilikuwa na bustani na mahali pa kuchomea nyama, na kulikuwa na bwawa la kuogelea. Kumbe kofia hazikuwa ziwani. Mwenye kazi ile, bwana mmoja mnene aliyeitwa na kila mtu Fundi, alikuwa amejaribu ziwani akaona wageni wanaangalia tope tu, akahamia upande wa kina wa bwawa. Huko chini alikuwa ameweka meza ya chuma na viti viwili, na juu ya meza ubao wa mweso, ule mchezo wa bao, uliofungwa kwa waya, kete zake mawe. Watu walishuka, wakacheza mweso chini ya maji, wakapigwa picha. Shimo la Naili halikuwepo. Nilisononeka kama dakika moja, halafu nikaona mzee mmoja wa Kihindi akipanda ngazi na kofia ya manjano mabegani, Fundi akamvua, na zile mvi zake zilikuwa kavu kabisa. Nikalitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Tulisubiri zamu. Mbele yetu kulikuwa na familia kutoka Kampala: mama mwenye miwani ya jua, na binti wa umri wangu aliyeitwa Tasha. Tasha alikuwa na vazi la kuogelea lenye maua, na alizungumza nami Kiingereza bila kuniuliza kama nakijua. Nilikijua. Tukacheka pamoja, tukaonyeshana mapengo ya meno yaliyong'oka. Halafu akatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama chini ya mwavuli, hakukaa kwenye kiti, kwa sababu hakujua kama viti vile ni vya kulipia. Miguu ilikuwa imeachana kidogo, mikono nyuma, mfuko wetu umening'inia begani. Gauni la buluu lilikuwa la mama, lakini vile viatu na usimamaji ule vilikuwa vya gerezani.

"Yule ni mlinzi wenu?" Tasha aliuliza.

Sikujibu. Naapa kwamba sikujibu. Ningeweza kuliacha swali lile lipite na leo nisiwe na la kusimulia. Lakini wakati huohuo mama akaniita kwa sauti yake ya uwanjani, kwa Kiswahili, watu wote wakageuka: "Nambozo! Njoo vaa sweta, upepo nakuja!"

Nami nikaitika, "Ndiyo, afande."

Nililisema kwa adabu na kwa sauti ya kutosha. Tasha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake. Mama yake akashusha miwani, akanitazama kwa heshima mpya, maana mtoto anayetembea na askari ni mtoto wa mtu mkubwa. Utamu wa macho yale naukumbuka hadi leo, na ndio unaoniumiza zaidi.

Mama alinivisha sweta. Alinifunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni. Nikajiambia kwamba amesahau kuwa hana gwanda. Kwamba vile viatu vimemchanganya. Kwamba amependa kuitwa afande hata huku Jinja, mahali ambapo hakuna anayemjua. Akili ya mtoto ni fundi wa kujenga mambo kama haya. Nilikaa na maelezo hayo miaka, nikiyapiga rangi kila yanapochakaa.

Baada ya pale hapakuwa na kurudi nyuma. "Afande, naomba maji." "Afande, saa ngapi?" Tasha akanikaribisha kwenye meza yao tule chipsi, nikaenda. Mama yake aliuliza kama mlinzi wangu naye ale. Nikasema alikula asubuhi. Kutoka mezani nilimwona mama akimenya yai la kuchemsha alilokuwa amelibeba kutoka kwa Mama Apio, akila amesimama.

Zamu ikafika. Tasha alishuka na mama yake, wakarudi wakicheka. Kisha Fundi akanitazama.

"Huyu mdogo haendi peke yake. Mzazi wake yuko wapi?"

Mashine ya kusukuma hewa ilikuwa inatetemeka pembeni, inanuka dizeli na mpira mpya. Mama alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Nilisema, "Hakuja."

Fundi akakuna shavu. "Basi afande aende naye. Afande, wewe najua kuogelea?"

"Hapana, bwana," mama alisema.

"Haina shida. Hii ni ya wale hawajui."

Wakampa fulana na kaptura ya hoteli. Alitoka chumba cha kubadilishia akivuta kaptura chini ifiche magoti, na nilitazama pembeni. Fundi alitueleza ishara: kiganja juu ya kofia maana yake nataka kupanda, kidole gumba na cha shahada vikigusana maana yake niko sawa, masikio yakiuma, meza mate. Mama alisikiliza kama anavyosikiliza amri, akirudia kwa vidole vyake. Alizirudia mara tatu. Nilidhani ni mazoea ya kazi.

Tulishuka ngazi, yeye mbele. Maji yalipomfika kifuani Fundi alimwekea kofia, na nilimwona anafumba macho. Kisha ikaja yangu. Ilikuwa nzito kama gunia la makaa, halafu maji yalipoipokea ikawa si kitu. Ndani yake hewa ilipiga kelele, vuuu, bila kukoma. Kioo kilikuwa mbele ya pua yangu na maji yaliishia chini ya kidevu, hayaingii. Ngazi ya mwisho, kisha sakafu. Nilisimama chini ya maji. Nikataka kucheka.

Ndipo masikio yakauma. Hayakuuma kama yanavyouma usiku kwa homa. Ilikuwa kama mtu ameingiza misumari miwili na anaizungusha. Nilisahau kumeza mate, nikasahau kiganja juu ya kofia, nikasahau kila kitu nilichoambiwa. Nilifungua mdomo na kulia, "Mama! Mama! Mama!" Sauti ikajaa kofia yote, ikanirudia mwenyewe. Nje yake hakuna aliyesikia. Fundi, aliyeshuka nasi, alikuwa amenipa kisogo, anatengeneza mpira wa hewa.

Mama alikuwa mbali, kama urefu wa chumba chetu. Alikuwa ameshika kiti cha chuma kwa mikono miwili. Nilimwona anakiachilia. Akaja kwangu, na chini ya maji hakuna kukimbia. Mguu mmoja, kisha mwingine, mwili umelala mbele, mikono ikichota maji kama anayefungua njia kwenye mahindi marefu. Alinishika mabega. Akabandika kioo chake kwenye kioo changu, tok. Uso wake ulikuwa karibu kuliko ulivyokuwa siku nzima, na ulikuwa umejaa hofu, lakini hofu ile haikuwa ya maji. Akajigusa koo, akameza mate, polepole, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akameza tena. Nami nikameza. Masikio yakazibuka kwa ndani, maumivu yakaisha.

Tukaenda kwenye meza, ameshika mkono wangu. Tukacheza mweso. Yeye mtu asiyevuka mto Nabuyonga alikaa kwenye kiti chini ya maji, akahamisha mawe kwa vidole vilivyojaa mikunjo ya maji, na nilipomla kete zake nne akanipigia saluti. Nilicheka hadi kioo kikaingia ukungu. Zilikuwa dakika kumi labda. Sijawahi kuwa na dakika kumi nzuri kuliko hizo, na sistahili kuzikumbuka.

Tulipopanda, Fundi alimvua mama kwanza, kisha mimi. Mama aligeuka haraka, akanitazama usoni, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kupewa kitu. Tasha alikuwa ukingoni na taulo lake.

"Uliogopa?" akauliza.

"Hata kidogo," nikasema. Nikamgeukia mama nikampa mkono, kama nilivyoona wakubwa wanavyowapa madereva wao. "Asante, afande."

Mama aliupokea. Kisha akachukua taulo akajifuta uso, akaufuta kwa muda mrefu, ingawa uso wake haukuwa umelowa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kofia zile.

Jioni kwa Mama Apio nilimwita mama, akaitika kama kawaida. Mbale nilimwita mama, akaitika. Alimsimulia kila mtu kambini jinsi alivyotembea chini ya maji, na katika simulizi zake mimi nilikuwa shujaa niliyemla kete nne. Mkono niliompa hakuutaja. Nikazidi kuamini kwamba nimepona. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa sekondari, siku msichana mmoja wa bwenini alipomwambia mlinzi wa geti kwamba mama yake mzazi, aliyemletea mfuko wa viazi vitamu, ni mtumishi wao. Wote walicheka. Mimi nilikimbilia chooni nikajifungia.

Kwa hiyo siku ile ya ndoo, baada ya kutafuta chaja ambayo ilikuwa mfukoni mwangu, nilikwenda jikoni. Mama alikuwa ameingia kupika malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga, chakula cha wakwe zake alichojifunza akakipika kuwashinda. Nilikaa kwenye kigoda nyuma yake.

"Mama, unakumbuka ile siku ya Jinja? Ya kofia?"

"Ile ya kioo! Nitasahau aje?"

"Nilikuita afande. Siku nzima. Na hukuwa na gwanda."

Mwiko ulizunguka ndani ya sufuria. "Ee," alisema. "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya sweta. Nilisema, wacha. Mtoto amepata rafiki. Nikisema mimi mama, nitamwaibisha." Akaonja mchuzi kwa kiganja. "Lakini kule chini uliniita."

"Ulisikia?"

"Kusikia nini? Ile kofia ilikuwa nalia vuu, vuu. Nilikuona mdomo." Alisema hivyo kwa urahisi, kama anayeeleza kazi yoyote. "Miaka yote mimi kazi yangu ilikuwa midomo ya watu, pale kwa waya. Neno afande haifungi mdomo. Mama nafunga mara mbili. Nikaona: mara mbili, mara mbili, mara mbili. Nikasema, haya, mtoto wangu amerudi. Nikaacha kile kiti."

Nje mwanangu alikuwa bado anawaamrisha kuku kupitia ndoo.

"Halafu tukatoka," mama alisema, "wakatoa kofia."

Hakumaliza. Sikuhitaji amalize. Nililiona tena lile tabasamu, na sasa nilijua alikuwa anangoja nini: neno lile moja, alilolishikilia tangu sakafuni hadi ngazi ya mwisho, na mimi nilimpa mkono.

"Mama," nikasema.

Hakugeuka. Sikio lake la kulia halisikii vizuri siku hizi, na sauti yangu haikuwa na nguvu. Nikainuka, nikalizunguka jiko, nikasimama mbele yake upande wa dirisha ambako kuna mwanga, nikamwita tena, polepole.

Mama aliutazama mdomo wangu.

"Nimeona," akasema. "Sasa nipe chumvi."